Nguo Zikidaiwa Mbichi

Tarehe 4, mwezi wa tatu

Mvua imeanza leo na watu wa sinema wameanza leo. Mvua ilipiga hodi kwanza, juu ya bati. Wao waliingia tu.

Nimepewa darasa la nne la shule ya zamani. Madawati yametolewa, kamba tisa zimefungwa kutoka dirisha hadi dirisha. Nina sare za jeshi sitini na mbili, magauni ya wanawake kumi na manane, pasi tatu za mkaa na moja ya umeme, ambayo inasubiri umeme wenyewe uamue. Kazi yangu ni kufua, kukausha, kunyoosha, na kuandika katika daftari hili ni kifungo gani kilikuwa wazi katika tukio lipi, ili shati lililochanika asubuhi lisije likapona mchana bila kwenda kwa fundi. Daftari lina kurasa mia mbili. Vifungo havitazimaliza. Zitakazobaki ni zangu.

Tarehe 5

Nguo hazikukauka.

Tarehe 7

Afadhali niandike mapema, nisije nikajisahaulisha: jambo hili nimelileta mimi.

Sinema inahusu mwaka ule jeshi la kigeni lilipoukalia mji wetu miezi kumi na mmoja. Inamhusu mwanamke dobi aliyefua sare za wanajeshi. Dobi huyo ni shangazi yangu, aliyenilea, ninayekaa naye hadi leo. Mwaka jana alikuja mtafiti na kinasa sauti chake. Shangazi alimkatalia mara tatu, kwa chai na heshima zote. Mara ya nne nikamwomba mimi, nikamlilia kabisa, akakubali.

Nilikuwa na sababu. Mwaka ule sabuni ilitoweka mjini. Waliokuwa nayo ni wanajeshi peke yao, na wanajeshi waliwapa madobi wao. Povu lililobaki kwenye beseni Shangazi alituogeshea, akafulia na nguo zetu. Kwa hiyo katika mji mzima uliokuwa ukinuka moshi na jasho, sisi tulinukia. Watu wakanusa, wakajumlisha, wakapata jibu lao. Tangu hapo, miaka thelathini na tisa, Shangazi anaitwa Sabuni. Si mbele yake. Akipita, mtu humuuliza mwenzake kama nyumbani kuna sabuni, wakaangua kicheko. Maana inajulikana hata na waliozaliwa juzi: huyu alikuwa mwanamke wa wanajeshi.

Nilidhani sinema itamsafisha. Mimi, niliyeangalia sinema nusu ya maisha yangu, ndiye niliyedhani hivyo.

Kuna karatasi. Shangazi akiitia saini, mwanzoni mwa sinema itaandikwa kwamba hii ni hadithi ya kweli, na jina lake litawekwa. Hajaitia. Amewaambia atasaini akishaona anasaini nini. "Sijawahi kupokea nguo bila kukagua mifuko," alisema, na mwongozaji akacheka akidhani ni utani.

Tarehe 9

Nilikatia watu tiketi katika ukumbi wa sinema wa mji huu miaka kumi na sita, mpaka ulipogeuzwa ghala la magodoro. Tiketi zikiisha nilikuwa naingia, nakaa nyuma. Nimeona vita vingi kuliko majenerali wengi, na mimi nilivikaa hadi mwisho.

Kwa hiyo wanawake wa vita vya sinema nawajua. Yuko anayelia nyuma ya mlango uliofungwa huku kamera ikibaki usoni mwa mwanamume anayemsikia, maana uchungu ni wa huyo mwanamume. Yuko anayempenda ofisa wa adui, na ofisa huyo lazima ajue kupiga kinanda. Yuko mama anayepiga magoti barabarani. Huyo hana jina, kazi yake ni kuonyesha kwamba vita ni vibaya, kwa wale waliokuwa hawajapata habari. Na yuko anayekufa karibu na mwisho, nywele zimetulia, ili mume wa mtu apate hasira za kushindia.

Ambaye sikumwona hata siku moja ni anayepanga foleni. Anayetafuta kitambaa cha hedhi na maduka yamefungwa. Anayefikiri. Miaka kumi na sita sikuona kamera imemwacha mwanamke mmoja akae, afikirie kitu, mpaka apate jibu.

Tarehe 12

Nimefua magauni kumi na manane. Bibi wa vipodozi ameyapaka matope. Nilimwambia dobi wa jeshi hakuwa mchafu, na hilo ndilo lililomponza. Akasema mtazamaji hamwonei huruma mwanamke msafi. Nimefua tena. Amepaka tena.

Tarehe 13

Nje matope yamejaa mpaka magotini, na wao bado wanaleta ya kwao kwenye ndoo.

Tarehe 15

Amekuja mwigizaji mkuu, atakayekuwa Shangazi. Nimempa jina la Nyusi, kwa sababu zimetangulia kuingia, yeye akafuata. Amenisalimia vizuri, akaomba nimwonyeshe kushika pasi ya mkaa. Aliishika kama mtu anayepokea simu. Nilimwonyesha mara moja tu. Sikuwa na moyo wa kumwonyesha mara ya pili.

Tarehe 16

Leo wamechukua wanawake wa mjini kuwa majirani katika sinema. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mama Mizani, anayeuza nafaka mtaani kwetu, mizani yake ikiwa haijawahi kumkosea yeye. Kicheko cha sabuni, yeye ndiye mwenye hatimiliki. Aliponiona darasa la nne na beseni langu alisema kazi za ukoo ni vizuri zisipotee. Nilimshukuru. Nilimpa gauni lililokuwa bado na maji kwapani.

Tarehe 18

Leo msaidizi wa mwongozaji amesahau skripti juu ya meza yangu ya pasi. Nimeisoma yote. Pasi ilipoa, nikaiacha ipoe.

Katika skripti, dobi anafua shati la kapteni. Kapteni anampenda. Kinanda hakipo, nishukuru, ila kuna redio. Jioni moja ya mvua, kwenye chumba cha kufulia, kapteni anamwogesha kwa sabuni yake mwenyewe, na hapo muziki. Kisha, jeshi linapokaribia kuondoka, kapteni anamnong'oneza sikioni: kesho tutapita nyumba kwa nyumba, wafiche mabinti. Dobi anakimbia kuwaonya majirani, majirani wanamtemea mate, naye anarudi kumlilia kapteni getini. Anapigwa risasi na nani, sikuelewa. Nafikiri na mwandishi.

Sasa niandike ilivyokuwa. Nilikuwa na miaka minane, na yaliyobaki Shangazi amenihadithia, na alimhadithia mtafiti kwa maneno yaleyale, kinasa sauti kikiwa kinawaka.

Madobi walikuwa watatu, na walifulia kwenye visima vya nyuma ya shule hiihii. Kila furushi la sare walilitia alama ya uzi ndani ya kola, zisichanganyike: mwekundu kwa wanajeshi wa shuleni, mweupe kwa wa darajani, mweusi kwa maofisa. Nguo ililetwa siku ya kwanza, ikachukuliwa siku ya tatu, imekauka, imenyooshwa. Walipenda mikunjo iliyosimama, wale. Siku moja mwanajeshi akaja adhuhuri kuchukua nguo za uzi mwekundu jinsi zilivyo, zikidondosha maji. Kesho yake alfajiri waliingia mtaa wa juu, wakachukua watu. Baada ya wiki tatu wakaja kuchukua za uzi mweupe, mbichi vilevile. Alfajiri yake, mtaa wa mtoni. Shangazi hakuhitaji ya tatu. Mwanajeshi anayekwenda mahali hawezi kusubiri jua.

Mmoja wa wale madobi watatu alipeleka furushi la maofisa ofisini, akaambiwa aingie nalo ndani. Kilichotoka ni kikapu. Katika skripti, huyo hayupo.

Halafu ikaja siku walipodai nguo za nyuzi zote tatu kwa wakati mmoja, zote mbichi. Shangazi aliniweka ndani ya kikapu kikubwa cha nguo, akanikabidhi kwa dobi mwenzake, akaenda mlango kwa mlango mtaa mzima. Alisema maneno mawili: ficheni mabinti. Akiulizwa amejuaje, hakujibu. Angejibu, na jibu likafika kwenye masikio mabaya, madobi wangekufa wote. Waliomsikiliza waliwaficha watoto wao darini, mashimoni, kwenye mapipa. Jeshi lilipita siku mbili likiondoka, na jeshi linaloondoka halina kesho ya kuonea aibu. Mtaa wetu hawakupata binti hata mmoja. Mtaa wa pili, ambako hakufika, sitaandika.

Vita vilipoisha watu wakaketi kufikiri. Amejuaje? Mwanamke anajua siri ya jeshi kwa njia gani? Wakamnusa, wakapata jibu. Alipojaribu kueleza, nani angekubali kwamba mtu ameambiwa na suruali?

Akili ile ya nyuzi tatu na jua, aliyoipata kwa mikono yake miwili ndani ya maji baridi, skripti imempa kapteni. Mji ulimnyima kwa miaka thelathini na tisa. Sasa inakuja sinema kuthibitisha kwamba mji ulikuwa sahihi, ila kwa muziki mtamu.

Tarehe 19

Nimemwambia Shangazi. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano na hakuacha. Aliniuliza kapteni yupi. Nilisema huyo wa skripti, mrefu, mwenye macho ya huzuni. Akafikiri sana, kwa haki kabisa, kama mtu anayetafuta sura sokoni.

"Kapteni hakuijua sura yangu," akasema. "Aliijua kola yake."

Tarehe 20

Mvua. Hasira hazikauki nazo.

Tarehe 22

Nimekwenda kwa mwongozaji. Nilitaka awe mtu mbaya, ingenirahisishia. Alinipa kiti, akaagiza chai, akanisikiliza bila kutazama saa. Nikamweleza nyuzi, visima, nguo mbichi. Akasema yote hayo anayajua, aliyasikia kwenye kinasa sauti, na yalimgusa mno. Lakini, akasema, Shangazi alipoulizwa amejuaje alijibu kwamba nguo zilimwambia, na wao waliona hiyo ni lugha ya mama mtu mzima anayeficha mapenzi yake ya zamani.

Nilimwambia haikuwa lugha. Zilikuwa suruali.

"Dada yangu," akasema, kwa upole wa kukera, "nguo haziongei kwenye sinema. Mtu anaongea. Mtazamaji anataka moyo."

Nikamuuliza mtu akiokoa mabinti wa mtaa mzima bila kupendana na mtu, moyo unakuwa umekwenda wapi. Akasema hilo ni swali zuri, na akaandika. Wanaume waliosoma wana namna hiyo ya kukuzika: wanakuandika.

Chai niliimaliza. Ilikuwa nzuri, na hilo limenichukiza zaidi.

Tarehe 24

Nguo hazikukauka. Kofia moja imepotea, ikaonekana kichwani mwa mlinzi wa geti.

Tarehe 27

Leo wamepiga tukio la majirani kumtemea mate dobi. Wanawake wengine walielekezwa. Mama Mizani hakuelekezwa. Alisimama mbele ya Nyusi, akamtazama chini hadi juu, akatema palepale karibu na kiatu, halafu akaongeza la kwake ambalo halimo kwenye skripti: "Tunanusa, mama." Mwongozaji alifurahi hadi akapiga makofi. Akasema huyu mama ana kipaji. Kipaji gani, mazoezi ya miaka thelathini na tisa.

Nilisimama pembeni na daftari. Nikaona kifungo cha pili cha gauni la Nyusi kiko wazi. Kabla ya hapo, katika tukio linaloungana na hilo, kilikuwa kimefungwa. Kazi yangu ilikuwa kusema. Sikusema. Niliandika tu, na tarehe.

Tarehe 28

Niliyoandika jana kuhusu Mama Mizani ni kweli, ila sijaandika yote. Shuleni mwaka ule, watoto walipokuwa wakininusa shingoni, nilikuwa najipaka majivu kabla ya kutoka nyumbani. Na nilipofika miaka kumi na mitano nilimuuliza Shangazi, mlangoni, viatu nimeshavaa, kama ni kweli. Alinitazama kama alivyotazama beseni tupu. Mtu anayestahili kutemewa mate katika familia hii si yeye.

Tarehe 2, mwezi wa nne

Nyusi amekuja nyumbani. Sikumwalika. Alipiga hodi, akaamkia, akamwambia Shangazi kwamba ameaibika kucheza maisha ya mtu bila kumwona akifanya kazi. Shangazi alimpa pasi.

Walinyoosha mashati sita. Shangazi alikuwa akimpiga kibao kidogo mkononi kila alipokosea, na binti wa watu akavumilia. Alimfundisha kusikiliza kitambaa kwa kiganja, kwamba nguo inaweza kuonekana kavu lakini mshono bado unashika maji. Alimwonyesha alama ya uzi ndani ya kola. Akamweleza siku ya nyuzi tatu. Nyusi aliacha pasi, nusura aunguze shati.

Halafu akauliza, polepole, kama kweli hakukuwa na mtu yeyote kati ya wanajeshi wale aliyekuwa mwema.

"Binti yangu," Shangazi akasema, "mmoja alikuwa akisema ahsante. Nilimwogopa kuliko wote, maana sikujua anataka nini."

Kuna mengine hajayaambia hata mto wake wa kulalia, nami sitayaulizia tena, wala sitaruhusu yawekewe muziki.

Nyusi alipoondoka nilikiri moyoni kwamba nilimkosea. Zile nyusi ni za kazi. Chini yake kuna mtu.

Tarehe 6

Wamelipiga tukio la sabuni.

Nyusi aliomba lifutwe. Aliomba vizuri, mbele ya kamera zote na watu wote, akasema dobi huyu hakuogeshwa na mtu, alimwogesha mtoto wa ndugu yake kwa povu lililobaki. Mwongozaji alimwita pembeni. Sikusikia, niliona mikono tu. Mikono ilisema mkataba. Akarudi, akavua, akaingia kwenye beseni, wakapiga mara nne. Kwenye uzio watu wa mjini walisimama na miavuli, Mama Mizani katikati yao, akiwafafanulia wasioona vizuri. Nilimsikia: si niliwaambia.

Baadaye Nyusi alikuja kulia darasa la nne, kati ya sare. Nilijua ilinipasa kumbembeleza. Lakini gauni lililokuwa mwilini mwake nililikausha kwa saa mbili juu ya mkaa, na sasa limelowa tena, na nilikuwa na hasira na kila kilicholowa. Nikamwambia alie akiwa amevaa nguo zake. Akacheka huku analia. Alipotulia alinisaidia kuanika.

Tarehe 7

Shangazi ameambiwa mtaani. Wamemweleza mpaka rangi ya beseni.

Tarehe 8

Hakula.

Tarehe 9

Leo ndiyo ilikuwa siku ya karatasi. Walipanga iwe sherehe: viti darasani kwangu kwa sababu nje mvua, mpiga picha, wanawake wote wa tukio la majirani wamekaa kwenye mabenchi, na kalamu mpya kwenye boksi lake. Mwongozaji alitoa hotuba. Alisema Mama huyu ni shujaa, alipenda penye chuki. Nyusi alikuwa anatazama sakafu.

Shangazi alikuwa amevaa gauni lake la bluu, mikunjo imesimama. Aliisoma karatasi yote, kwa kidole, mstari kwa mstari. Watu walianza kukohoa. Alipofika mwisho aliiweka mezani, akaweka kalamu juu yake, sambamba, kama kijiko juu ya sahani ya mtu aliyeshiba.

Aligeukia mabenchi.

"Ninyi hamkuwahi kuniuliza, mlinusa tu," akasema. "Basi niwaambie leo. Wanajeshi walikuwa wakisubiri nguo zikauke. Wakizitaka mbichi, alfajiri wanaingia mtaa. Walizitaka mbichi mara ya kwanza, wakaingia mtaa wa juu. Mara ya pili, mtaa wa mtoni. Mara ya tatu walizitaka zote, nikaja milangoni kwenu. Hakuna mwanamume aliyeniambia. Nilikuwa nafua, na nilikuwa na akili."

Kisha akasema lingine, kwa sauti ya kawaida kabisa, akimtazama mmoja wao: "Wewe ulikuwa na miaka kumi na saba. Mama yako alikutia kwenye pipa la mtama. Mguu ulikuwa umebaki nje, nikausukuma ndani mimi mwenyewe."

Nilimwona Mama Mizani akivuta mguu wake wa kushoto chini ya benchi. Nadhani hakujua kwamba ameuvuta.

Mwongozaji alianza kueleza kwamba karatasi ni utaratibu tu. Shangazi akamwambia: mwanangu, sikatai kusaini, nakataa nguo. Hii si yangu, umekosea alama.

Tarehe 10

Asubuhi na mapema nilimpelekea mwongozaji daftari, nikamwonyesha ukurasa wa tarehe 27: kifungo cha pili. Nikamwambia kwa masikitiko makubwa kwamba tukio la mate haliungani na la kabla yake, nami nimeligundua sasa hivi. Alinitazama sana. Nilimtazama pia. Akaagiza lipigwe upya.

Wanawake wakapangwa. Nyusi akasimama mahali pake. Kamera ikawashwa, wengine wakatema, zamu ikamfikia Mama Mizani. Akasimama. Mdomo ukajikusanya, kisha ukaachia. Wakakata. Wakaanza tena. Akasimama tena, anamtazama Nyusi, halafu macho yakampita yakaja mpaka kwenye dirisha la darasa la nne, ambako Shangazi alikuwa amekuja kunisaidia kukunja. Mara ya tatu mwongozaji akampigia kelele: mama, juzi ulitema kama bomba, leo vipi.

"Mate yamenikauka," akasema Mama Mizani.

Wakamletea maji. Akanywa glasi nzima, akarudisha glasi, akashukuru. Hakutema. Mwisho wakapiga akiwa amesimama tu, mikono inaning'inia. Msaidizi anasema huenda ikatumika hivyohivyo, maana jua la kupigia picha lilikuwa limekwisha.

Tukio la sabuni litabaki. Nyusi ameniambia. Maneno ya hadithi ya kweli hayatawekwa, kwa kuwa saini haipo. Basi itakuwa sinema tu, na atakayetaka kujua dobi ni nani atakuwa hana pa kusoma. Siuiti ushindi. Nauita kola moja kati ya sitini na mbili.

Tarehe 11

Mvua kutwa. Mama Mizani hakufungua duka.

Tarehe 13

Amefungua. Amepita mtu akauliza kama kuna sabuni, kwa ule mchezo wao. Akampimia kweli, kipande, akakifunga kwenye karatasi, akataka alipwe. Mtu yule hakujua afanyeje na sabuni mkononi.

Tarehe 15

Tukio la mwisho lilipigwa jana. Leo nimefua sare zote sitini na mbili, mara ya mwisho, zirudi safi zilikotoka. Shangazi alikuja kunisaidia kuanika. Kamba tisa zikajaa, tukawa tunapita katikati yake tumeinama, maji yanatudondokea shingoni, na kwa mara ya kwanza msimu huu nilimsikia akiimba bila maneno.

Adhuhuri akaingia msaidizi wa mwongozaji, mbio, kichwa kimefunikwa kwa mfuko. Barabara ya chini inajaa maji, akasema, daraja likifungwa watakwama wiki nzima. Malori yanaondoka saa nane. Nguo zifungwe kwenye magunia sasa hivi. Nikamwambia hazijakauka hata kidogo, zimetoka kwenye maji muda huu.

"Zote," akasema. "Hivyohivyo mbichi."

Akatoka. Nikageuka kumtazama Shangazi. Alikuwa amesimama kati ya kamba ya nne na ya tano, mkono juu ya bega la sare, hatikisiki. Nikaogopa. Nikaacha gunia, nikamwendea. Nikaona mabega yake yanacheza, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika kamba, na maji ya kola zote za kamba ile yakatumwagikia.

Tulifunga magunia. Kisha akavaa viatu, akachukua mwavuli, akatoka. Nilimfuata. Hakutazama nyuma. Alishuka mtaa ule ule, upande ule ule, na mlango wa kwanza aliousimamia ulikuwa wa Mama Mizani. Akagonga mara mbili.

Mama Mizani akafungua. Akamwona, akashika kizingiti. Mwaka ule mlango huu ulipewa maneno mawili, bila sababu.

"Wanaondoka," Shangazi akasema. "Wamezitaka nguo mbichi."

Mama Mizani akatazama mikono ya Shangazi, iliyokunjamana kwa maji.

"Zote, dada?" akauliza.

"Zote. Mpaka ya kapteni."

Akasogea pembeni, akaacha mlango wazi.